Kikombe Changu na Njia ya Misikiti Miwili

Ijumaa, 9 Januari 2026

Leo tena mlimani na ukoo wa mke wangu. Watu kumi na mmoja, kutoka msikiti mkongwe ulio juu ya Riyam mpaka gofu la msikiti linaloangalia Mutrah. Mbele, kama kawaida, Jaifar.

Jaifar ni mwanyumba wangu. Mimi nimemuoa Muhsina, yeye kamuoa Reem, mdogo wake Muhsina. Usawa wetu unaishia hapo. Yeye ana jumba Madinat Sultan Qaboos na anauza magari Wattaya. Mimi nina fleti Al Khuwair na meza wizarani, kando ya choo. Hayo nimemsamehe. Fimbo simsamehe. Anayeongoza ndiye anayeshika fimbo ya marehemu baba mkwe, na mama mkwe wetu, Bi Balqis, kampa yeye. Mume wa binti mkubwa ni mimi! Nimetembea nyuma kabisa, nimebeba chupa ya kahawa na takataka za watu.

Kabla ya mwezi kwisha, fimbo hiyo itakuwa yangu.

Jumanne, 13 Januari

Nimeomba ruhusa kazini. Nimesema jino. Nikapanda peke yangu kuikariri njia, nikifuata alama nyeupe kwenye mawe. Baada ya saa nzima nimegundua ni mavi ya njiwa.

Kanishusha Mkenya mmoja aliyekuwa akifanya mazoezi, Ochieng. Mwenye adabu sana. Ameniuliza kama hii ni mara yangu ya kwanza kufika Oman.

Ijumaa, 16 Januari

Mbinu mpya: sifa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Basi nimemsifu Jaifar tangu tulipoanza. Nimesifu miguu, nimesifu pumzi, nimesifu viatu. Kila nikimaliza, Bi Balqis anakohoa na kunisemea mashallah, maana mimi nilikuwa nimeisahau. Kwenye kona ya tatu nikasema kwa sauti kwamba huyu bwana miaka sita hajateleza hata mara moja.

Akateleza.

Kifundo kimevimba kama mkate wa boflo. Daktari kasema wiki tatu asipande. Pale mlimani watu wote walinitazama mimi, nikajua wanatafuta kiongozi. Nikanyoosha mkono kuipokea fimbo. Reem akaiwahi.

Jumanne, 20 Januari

Mambo yameiva. Juzi Bi Balqis alinipigia simu mwenyewe: "Mwanangu Sleyum, njoo unywe kahawa, nna hamu na wewe." Miaka kumi na tano ya ndoa, hajawahi kuwa na hamu na mimi. Kanimiminia kwa mkono wake. Kabla sijamaliza, kakipokea kikombe akaingia nacho ndani kwa mikono miwili, na mtumishi alipotaka kukiosha akamkemea.

Jana vilevile. Leo vilevile. Amenihimiza nibakize kidogo, ndiyo adabu. Nimebakiza. Muhsina alikuwa jikoni anacheka peke yake, furaha ya kuona mumewe anathaminiwa.

Alhamisi, 22 Januari

Nimenunua viatu vya mlimani. Nimeandika hotuba ya kuipokea fimbo, kurasa mbili. Ya marehemu baba mkwe nimeyaweka mwisho, ili walie.

Ijumaa, 23 Januari

Nimefika Riyam na hotuba mfukoni. Jaifar amesimama kwa miguu miwili. Anaruka! Na fimbo mkononi.

Nimemuuliza Muhsina imekuwaje. Alicheka mpaka akakaa chini, ndipo akaniambia. Mabaki ya kahawa yangu yametiwa kwenye maji, na Jaifar amekogeshwa mguu asubuhi tatu, kuondoa jicho langu la husuda; ati dawa ya jicho ni mabaki ya mwenye jicho. Nyumba nzima ilijua. Hata mtumishi.

Niliona aibu kubwa. Ilidumu mpaka kona ya kwanza. Kisha nikafikiri: daktari wiki tatu, kahawa yangu wiki moja. Basi nani kamponya? Nikaidai fimbo mbele ya watu wote. Bi Balqis alifikiri sana, akakubali nitangulie. Fimbo abaki nayo Jaifar. Kasema nikiwa mbele jicho langu litaangukia majabali, si migongo ya wanawe.

Sababu hainihusu. Nimeongoza! Tumepotea mara mbili tu.

Ijumaa, 30 Januari

Siku mbaya kuliko zote.

Tulipokuwa tunakunywa kahawa baada ya kutembea, gari jipya la Reem lilikataa kuwaka. Bi Balqis akatutazama mmoja mmoja. Mimi nikajiweka sawa, nikashika kikombe vizuri, nikabakiza kidogo. Akanipita. Akamwendea Humam, mpwa wake, mtu mpole asiye na makuu, akachukua kikombe chake na kuimwagia boneti mabaki yake.

Humam! Amelisifu gari lile mara moja, jana. Mimi nalitamani tangu lilipotoka Wattaya. Sijalala vizuri kwa sababu yake. Na gari likawaka, watu wakamtazama Humam kwa hofu na heshima. Mimi hakuna aliyenitazama.

Humam ana viatu vipya, vizuri kuliko vyangu. Ijumaa ijayo nitavisifu njia nzima, bila mashallah hata moja, tuone kitachukuliwa kikombe cha nani.