Kilio ya Tata Kabamba, mwenyewe akiwa Fungurume

Leo haya imenikamata, banamuke, mpaka ninaficha uso mu kitambala. Munisikilize hapa mu simu, mi kuandika sikujifunza. Na mwenye atacheka mbele ya mwisho, nitamujua.

Munajua barabara yetu hapa Kolwezi, ile kamiyo za mine, malori ya mugodi, zinapita. Unaanika shuka nyeupe, unaanua nyekundu. Batoto banakohoa kama bazee, bazee banakohoa kama kamiyo. Tunaomba kampani kitu kimoja tu: sitene ya mayi, lori ya tanki, imwage asubui na mangaribi, mavumbi ilale. Trezor, kijana mwenye asosiasio, alitupanga. Tulivaa tisheti, tukasimama na banderole, kitambala kirefu ya maandiko, tukaimba. Bashoferi bakapiga honi, bakatupungia mukono. Balizani ni ndoa.

Sasa leo Trezor analeta bayeri, njo vile banaitaka batu benye kutoa feza ya baproje. Asubui akanifuata. (Ye anapitishaka maneno mu pua, maana alisoma Kifaransa.)

"Kambo, nyanya yetu, bayeri inataka emosio. Ukilia, proje inapita."

"Nilie nani?"

"Ulie mavumbi."

"Mavumbi, nilizaa naye?"

Madame ya bayeri akafika, kinywa amefunika, biatu tayari nyekundu. Sauti kama kifaranga: "Mama, mavumbi inakufanyia nini mu roho?"

Mu roho ilikuwa muzuri tu. Nilikula muhogo asubui. Nikafinya macho, hakuna kitu. Trezor ananitolea macho yake, simu ya foto juu.

Basi nikaazima jina. Kilio inaendaka na jina, haiende bure. Maiti sikuwa naye, nikakamata mutu wa karibu: bwana yangu, Tata Kabamba, mwenye alitoka asubui kwenda Fungurume kuona binti yetu. Nikaweka mikono ku kichwa.

"Tata Kabamba weee, umeniachia nani mi weee..."

Ilitoka muzuri (nilijisikia mi mwenyewe, nikajionea huruma). Madame akapangusa macho. Trezor akainua kidole gumba.

Lakini Mama Monga, jirani yangu, alisikia pia. Akaruka ukuta ya lupango yake, nywele zimesukwa upande moja, analia kunipita. Nyuma yake, banamuke bote ya avenue. Banaume bakaleta biti ya kuketi, bakakata matawi, bakayaweka mu barabara, vile tunafanyaka ku kila kilio. Nikasema: "Hapana, Tata Kabamba hakufa."

Mama Monga akanikumbatia: "Muangalie, bichungu imemupanda ku kichwa."

"Ni muzima, iko Fungurume."

Bakanipa mayi ya kunywa, bakanifunga kitambala ku kiuno, bakanikalisha chini.

Na kamiyo? Zilisimama. Zote, mustari mpaka sikuona mwisho. Shofa wa kwanza akashuka, akaona matawi, akavua kofia, akapigia shefu wake simu: batu banalia chini mu mavumbi, si ni aibu? Hatukumaliza wimbo ya pili, sitene ikafika. Sitene, banamuke. Mayi inaanguka, harufu ya mvula inapanda. Shofa wake anasema: "Shefu anatoa pole. Tutamwaga mpaka kilio itaisha."

Madame akauliza: "Trezor, hii ni strateji gani?"

Trezor, bila haya: "Madame, tuliipanga siku mingi."

Njo pikipiki ikaingia. Tata Kabamba, na kuku ya binti yetu mu mukono. Akaona matawi, akavua kofia, akauliza muzee mwenye kuketi pembeni: "Nani alikufa?"

Muzee, bila kumuangalia: "Tata Kabamba."

"Pole," Tata Kabamba anasema, anaketi. Kisha akafikiri kidogo. Akasimama.

Mama Monga akaanguka. Bote bakakata kilio. Na mayi ikakata. Sitene ilifika tu ku lupango ya Mama Monga, mbele ya kwangu kukavu. Shofa wa sitene akatoa kichwa ku dirisha: "Mi balinituma na mayi ya kilio. Kilio iko ama haiko?"

Macho yote kwangu. Natafuta kitambala nijifiche, kumbe iko ku kiuno.

Tata Kabamba akaangalia barabara, upande imelowana, upande kavu. Akaangalia shuka zangu ku kamba. Akavuta kiti, akaweka kuku ku magoti.

"Bibi yangu, endelea. Na useme nilikuwa mupole."

Banamuke, nilimulia bwana yangu mbele ya uso yake. "Mupole wangu weee!"

Ye: "Sema na kazi yangu."

"Fundi ya mine weee!"

Ye: "Na pombe sikupenda."

Pale nikapangusa macho. Hata machozi ya bongo, ya uongo, iko na mupaka. Mama Monga, chini, akafungua jicho moja: "Kweli, ile haipite."

Shofa alicheka mpaka akalalia usukani, lakini mayi ilifika ku mulango yangu.

Madame alienda na foto zake. Trezor anasema proje ilipita: batatuletea banderole mupya.

Shofa naye anasema kesho atarudia, kama atasikia kilio. Basi musinicheke. Mwenye iko na sauti akuye anisaidie kulia, yangu imekauka. Ya kula itakuwa muhogo tu. Kuku, marehemu amekatala tuiguse.