Malalamiko ya Nyapara Juu ya Wafanyakazi Wanaoumia Bila Ruhusa

Bakoba, Bukoba
Agosti 1953

Bwana Mhariri,

Nitakushukuru ukinipa nafasi gazetini nitoe dukuduku langu. Mimi ni nyapara katika kinu kimoja cha kukoboa kahawa hapa Bukoba, na tabia ya wafanyakazi kuumia kazini imenichosha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwezi uliopita tulitembelewa na wakubwa wa Serikali. Tajiri mwenye kinu akaamuru kila mtu avae kanzu, maana kwetu mtu mwenye heshima zake hapokei wageni kwa kaptula. Damian wa Izimbya hakuwa na kanzu, nikamwazima yangu ya Idi. Wageni hawajamaliza chai, mkanda wa mashine ukaishika ile kanzu, ukamvuta naye. Akafa. Hakutoa taarifa, hakuomba ruhusa, na wageni wakaondoka kabla ya kuonyeshwa ghala jipya.

2. Wenzake wote walikwenda Izimbya kuzika. Unawajua Wahaya: kwenye msiba hakuna anayeshika jembe. Sasa wameongeza kwamba hakuna anayeshika mashine. Kahawa ikalala mpaka ikaanza kunuka, wala sikuona aliyeililia.

3. Ildefons, aliyejitia kumwokoa Damian, alikatika vidole viwili. Badala ya kushukuru kwa vinane vilivyobaki, anazunguka sokoni akionyesha mkono. Tajiri ametundika ukutani tangazo la hatari kwa Kiingereza safi, lakini hakuna anayelisoma. Mkono wa Ildefons wanausoma wote.

4. Hili ndilo kubwa. Alistidia, mjane wa Damian, anakuja kila asubuhi kusimama mlangoni. Anataka mkanda uzungushiwe wavu wa chuma, na jina la mumewe liandikwe pale mlangoni. Tukikubali wavu, kesho watataka kurudi nyumbani jioni na kila kiungo walichokuja nacho asubuhi. Tukiandika jina la Damian, itabidi tuwaandike na wa kabla yake, na jina la tajiri litakaa wapi?

Kwa hiyo naiomba Serikali itunge sheria: mfanyakazi anayekusudia kufa atoe taarifa mwezi mmoja kabla, alete mtu wa badala yake, na asivae nguo ya kuazima. Kanzu ile ilikuwa nzuri. Damian alipoivaa alicheka, akasema leo mke wake hatamtambua. Sipendi kulikumbuka neno hilo.

Nisalimie wote hapo ofisini, hasa wanaosimama karibu na mashine ya kupigia chapa.

Ni mimi mtiifu wako,
Muharami Saburi, Nyapara

Baada ya kuandika: Wageni wanarudi Ijumaa kuliona ghala. Kwa kuwa hakuna anayekubali kusimama mahali pa Damian, karibu na mkanda, tajiri ameniamuru nisimame mimi, na amenipa kanzu mpya. Ni ndefu kuliko ile. Tafadhali futa yote niliyoandika hapo juu, uchape maombi ya Alistidia tu. Wavu nimekwisha kuupimia mwenyewe. Na Ijumaa ikitangulia kufika kabla ya wavu, mwambie tajiri kwamba pale mlangoni pana nafasi ya majina mawili.