Boksi la Ketan na Isale la Mpakani

Jumapili, 21 Desemba

Primus amefika kutoka Dar. Mtoto wa marehemu baba mkubwa, jirani yangu, kihamba chake cha migomba na kahawa kimepakana na changu, na Jumapili ijayo msimamizi wa ubatizo wa binti yangu Martha. Mchungaji ametangaza leo. Mke wangu Winfrida alinifinya mkono kwa furaha.

Mchana tukaenda kwao. Primus kaja na kimashine kidogo, kwa ukubwa hakizidi Biblia, chenye gemu zote za zamani ndani yake. Hata lile la kupigana tulilolicheza Moshi mjini, dukani kwa baba yake Ketan, enzi za kaseti! Hata Mwinjilisti, mpiganaji wangu, yumo! (Jina lake halisi hatukulijua. Tulimwita hivyo kwa sababu ya kanzu.) Enzi zile mimi na Mwinjilisti tulikuwa hatushikiki. Primus anabisha, lakini Primus hubisha kila kitu.

Leo nimepigwa. Raundi zote. Mama mkubwa Elisifa, mama yake Primus, akauliza kwa nini yule mtu wa kanzu analala lala ovyo. Nikamweleza kwamba kosa ni la pedi, kile kidude cha kubonyezea: imetengenezwa kwa vidole vya watoto, na vyangu ni vya kuchuma kahawa. Primus akasema basi mwakani nicheze na kikapu. Alicheka mpaka getini. Sikupenda.

Jumatatu, 22 Desemba

Nimeshuka Moshi. Winfrida kanituma kitambaa cheupe cha gauni la ubatizo. Nikaanzia kwa Ketan, maana duka lake liko njiani. (Haliko njiani.)

Ketan sasa anauza simu na spika. Nikamkumbusha kwamba zamani nilikuwa mfalme wa gemu hapa. Akasema ananikumbuka vizuri, mimi ndiye niliyekuwa nalia. Atakuwa amenichanganya na mwingine.

Lakini kitu ninachotaka anacho! Pedi ya kisasa iliyoundwa kwa mfano wa zile mashine kubwa za zamani. Boksi zito la chuma, fimbo fupi yenye kichwa chekundu, vitufe vinane vikubwa vya kutwanga kwa kiganja. Huo ndio mchezo wa watu wazima. Pembeni kuna kitufe kidogo kimeandikwa TURBO. Ketan akanieleza: ukikibonyeza mara moja, kitufe cha ngumi kinapiga mfululizo bila wewe kuchoka. Ukikibonyeza mara mbili, kinapiga chenyewe hata ukiondoa mkono. Akaongeza kwamba mtu muungwana hakitumii anapocheza na mwenzake.

Nusu ya kwanza ya maelezo nimeielewa kabisa.

Kaniazima mpaka Mwaka Mpya, nami nitampelekea mkungu wa ndizi mshare. Nimefika nyumbani Winfrida akauliza kitambaa kiko wapi. Nikamwambia maduka yalijaa sana.

Jumatano, 24 Desemba

Mazoezi. Kimashine anacho Primus, kwa hiyo nafanya mazoezi na boksi peke yake, zizini, juu ya ndoo iliyogeuzwa. Nafumba macho na kumwona Mwinjilisti. Nimeshinda kila pambano.

Winfrida akauliza kule zizini kunagongwa nini. Nikamwambia natengeneza hori. Jioni ng'ombe katoa maziwa kidogo. Ng'ombe huyu hapendi maendeleo.

Alhamisi, 25 Desemba, Krismasi

Ibada. Mbuzi. Pombe ya mbege. Ukoo mzima sebuleni kwa mama mkubwa.

Nikatoa boksi. Watu wakaguna kwa mshangao. Nikabonyeza turbo mara mbili, taratibu, huku nikijifanya nakohoa. Yesu wangu! Mwinjilisti aliamka kama mtu aliyetoka semina. Raundi ya kwanza yangu. Ya pili yangu. Pambano la pili, vilevile. Shangazi zangu wakapiga vigelegele. Primus akasimama mbele ya wote akasema, kwa moyo mweupe kabisa, kwamba miaka yote hii amenibishia bure, Gidioni kweli alikuwa mfalme. Akanipa mkono.

Ningeishia hapo. Nikaomba pambano moja zaidi.

Katikati ya raundi mama mkubwa akaja na sahani ya maini ya kuchoma, akaninyooshea mimi kwanza, kwa heshima ya ushindi. Sahani ya mkubwa haipokelewi kwa mkono mmoja. Nikapokea kwa mikono miwili, nikainama, nikashukuru.

Mwinjilisti akaendelea kupiga.

Watu wote walimtazama Mwinjilisti, kisha mikono yangu, kisha Mwinjilisti. Primus akauliza taratibu huyu anapigana kwa nguvu ya nani. Akalichukua boksi, akaligeuza, akakiona kitufe.

Hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu. Akasema gemu ni gemu, lakini amenisifu mbele ya mama yake kwa moyo wake wote, nami nikaupokea mkono wake. Hawezi kusimama madhabahuni na mtu wa namna hii. Keshokutwa anarudi Dar.

Maini yalikuwa mazuri. Nikayarudisha jikoni.

Ijumaa, 26 Desemba

Winfrida haongei nami. Aliongea mara moja tu, asubuhi. Nikawa nimependekeza tutafute msimamizi mwingine. Akanikumbusha: Martha tumemngoja miaka kumi, na siku alipozaliwa nani alikaa hospitalini toka asubuhi? Primus. Mimi nilikuwa sokoni Himo na magunia ya mahindi, nimeng'ang'ania bei. Akasema kama si Primus, basi Jumapili hakuna ubatizo, na sababu nitawaeleza mwenyewe washarika, kwenye kipaza sauti.

Nimeona haya. Naandika hapa tu. Nimeona haya kweli.

Mchana nikapata wazo. Isale! Hapa kwetu ukimkosea mtu unampelekea jani la isale, naye hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Hata damu imewahi kusamehewa kwa isale, sembuse turbo. Jani moja linatosha. Lakini kosa langu ni kubwa, na Primus ni mtu wa Dar, anapenda vitu vikubwa. Kesho nitampelekea mche mzima, na mizizi yake.

Jumamosi, 27 Desemba

Alfajiri, ukungu. Nikachagua isale zuri kuliko yote, refu, majani mapana. Nikalichimba, nikalibeba begani mpaka kwa mama mkubwa. Primus alikuwa anapakia mizigo kwenye gari. Nikapiga goti na kuomba msamaha. Niliyapanga maneno vizuri, na nusu yake ilikuwa ya kweli.

Mama mkubwa akatoka. Nikamwamkia shikamoo. Alikuwa anatazama mizizi. Akauliza hili nimelitoa wapi. Nikasema pale juu, kwenye kona, karibu na mfereji.

Kumbe ndilo la mpaka. Babu alilipanda mwenyewe siku alipowagawia baba yangu na baba mkubwa vihamba vyao.

Primus akasema juzi gemu, leo shamba! Akaita baba wadogo. Wakaja na kamba. Wakabishana shimo ni lipi, maana nilikuwa nimechimba mawili nikitafuta mizizi. Mmoja akasema hatua tatu za kihamba zimeshapotea. Nikaapa kwamba shida yangu ilikuwa msamaha tu, si ardhi. Hakuna aliyeamini.

Mama mkubwa akanyamazisha wote. Akasema isale ni isale, hata la wizi. Tangu azaliwe hajaona mtu akilikataa, na mwanawe hatakuwa wa kwanza. Primus akalipokea. Kisha mama akaamuru tukalirudishe, mimi nichimbe, Primus alishike lisimame wima, wazee watazame mstari. Nilipotumbukia shimoni mpaka magotini Primus akaanza kucheka. Akacheka mpaka akakaa chini. Akaniambia nimshukuru mama, na kesho atasimama.

Nililia kidogo. Nilikuwa shimoni, hakuna aliyeona.

Jumapili, 28 Desemba

Martha amebatizwa! Alivaa gauni ambalo Winfrida amelishona kutoka shela yake ya harusi. Linapendeza kuliko la kitambaa cha dukani. Nilimwambia hilo ndilo lilikuwa wazo langu tangu mwanzo.

Primus alimshika mtoto na kuahidi mbele ya Mungu. Ninampenda sana ndugu yangu huyu. Jioni tukacheza bila turbo, kanipiga raundi zote, tukakumbatiana.

Jumatatu, 29 Desemba

Primus ameondoka na kimashine chake. Atarudi Pasaka.

Nimemrudishia Ketan boksi lake na kumpa mkungu wake. Nikamuuliza, kwa udadisi tu, kama kuna aina ambayo turbo yake haionekani kwa nje. Anasema ipo, ataiagiza.

Mchana nimepanda masale matatu nyuma ya zizi, mbali kabisa na mpaka. Winfrida akauliza ya nini. Nikamwambia ni mapambo. Yamesimama vizuri, na mvua inakuja. Pasaka yatakuwa tayari kukatwa.