Saini kwa Niaba ya Mkaguzi

Bodi ya kampuni yetu ya kutengeneza ngazi ina furaha kuutangazia umma kwamba enzi ya uwajibikaji ilianza rasmi Jumanne, saa nne asubuhi, baada ya chai.

Wasiotutakia mema wanasema tulisukumwa na kashfa. Ni kweli kwamba ngazi kumi na moja zilikatika zikiwa na watu juu yake, na fundi rangi mmoja sasa anatembea kwa magongo. Lakini uadilifu tuliupenda tangu zamani. Tulikosa nafasi tu.

Mimi ndiye Katibu wa Bodi. Ndani ya wiki moja niliunda Kamati ya Uadilifu, Kamati Ndogo ya Kuisimamia Kamati ya Uadilifu, na sanduku la malalamiko ambalo, kwa sababu za kiusalama, liliwekwa chini ya meza ya Mkurugenzi. Hadi leo halijapokea lalamiko hata moja, jambo linaloonyesha jinsi wafanyakazi walivyoridhika.

Kilichobaki ni kupata mtu wa kufukuzwa. Mkurugenzi alimtaja papo hapo: Mkaguzi wa Ubora, mwanamke wa watu ambaye kazi yake ni kupanda ngazi ya kila toleo jipya akiwa amebeba mfuko wa saruji, kisha kusaini cheti.

"Vyeti ni vyake," alisema. "Tuandike kanuni, aende zake kistaarabu."

Nikaiandika: yeyote ambaye saini yake imo kwenye cheti cha ngazi iliyokatika, awe nani, hana kazi kuanzia kanuni hii inapopitishwa, na hakuna rufaa. Hayo ya "awe nani" niliyaongeza mwenyewe, yalinoga. Bodi ikaipitisha kwa makofi bila kuisoma, maana kuaminiana ndio msingi wa utawala bora.

Mkaguzi akaitwa. Nakiri nilimwonea huruma, ingawa haikuwa kwenye ajenda.

"Dada, usinichukulie vibaya," Mkurugenzi alimwambia. "Kanuni ndiyo imeamua, si mimi."

"Sawa, mzee. Ila vyeti vyenyewe mmeviangalia?"

"Tuviangalie ya nini? Si unasaini wewe?"

"Sikusaini hata kimoja. Zile ngazi zilikuwa zinalia nikifika katikati. Nimekataa miezi mitatu, ukaniambia nisikuletee kisirani."

Mwenyekiti, mtu wa taratibu, akaagiza faili. Nikasoma kwa sauti. Cheti cha kwanza: kwa niaba ya Mkaguzi, na chini yake saini ya Mkurugenzi, ile ndefu yenye mkia. Cha pili hadi cha nne, vilevile. Cha tano Mkurugenzi alikuwa safarini, kwa hiyo alisaini Mwenyekiti. Kuanzia cha sita wajumbe walisaidiana, kwa moyo wa ushirikiano. Cha kumi na moja nilikisoma polepole kidogo, kwa sababu kilikuwa changu.

"Hiyo kanuni irekebishwe," Mwenyekiti akanong'ona.

"Na nani?" Mkaguzi akauliza. "Nyie si hamna kazi tangu mlipopiga makofi?"

Mlinzi wa getini, aliyekuwa ameitwa kumsindikiza Mkaguzi nje, akaja, akanyoosha mkono kwa heshima zote. "Wazee wangu, naomba vitambulisho."

Niliomba nimalizie kumbukumbu za kikao. Kisha nikamsogezea Mkaguzi, ofisa halali pekee aliyebaki chumbani, nikamwonyesha mahali pa kusaini.

"Weka hapo," alisema. "Nasoma kwanza."

Akavuta kiti cha Mwenyekiti, akaketi, akaanza na ukurasa wa kwanza, nasi tumesimama mlangoni tukimsubiri.