Hao Mbuzi ni Wageni

Jumatatu, 14 Julai
Chifu amesema watafiti wa serikali wanakuja Kotile kuuliza kuhusu pesa ambazo serikali huwapa wazee. Nyumba kumi tu, zilizochaguliwa kwa bahati nasibu. Yetu imo. Bahati nasibu! Nimesoma sura nzima ya uwezekano katika kitabu cha Hisabati. Siamini. Wanatafuta wa kumfuta kwenye orodha. Na nyanya yangu, Ayeeyo, akifutwa, dawa yake ya presha itatoka wapi?

Jumanne, 15 Julai
Mpango tayari: tuonekane maskini zaidi. Nimeficha redio, chupa ya chai na busati jipya. Mbuzi wetu kumi na mmoja nimewapeleka kwa jirani, bibi Abshiro, kabla ya shule. Mjukuu wake Ramlo, tunayesoma naye, akauliza kulikoni. Nikasema wanabadilisha hewa. Akasema, "Naa wewe Idman, hata uongo wako umeutoa kitabuni!"
Nimemfundisha Ayeeyo aseme tunakula mara moja kwa siku. Nitakohoa, ndiyo ishara. Akanigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Jumatano, 16 Julai
Balaa! Nimetoroka michezo ili niwepo (sikutafutwa). Mtafiti anaitwa Faiza. Mpole mno. Mtu mpole hivyo ana lake jambo. Akafungua tableti, akauliza jana tulikula mara ngapi. Nikakohoa. Ayeeyo akasema mgeni haulizi habari za njaa kabla hajala. Kisha akapaaza sauti juu ya ua: "Abshiro! Niletee mbuzi wangu mmoja, yule mnono, nina mgeni!"
Ramlo akawaleta wote. Kwa makusudi!
Faiza akawatazama. Nikasimama kueleza. Mimi, nisiyeweza hata kuitika jina langu darasani! Kilichonitoka: "Hao mbuzi ni wageni." Ayeeyo alicheka mpaka akashika kiuno. Faiza alikula sahani mbili, akaandika kitu. Kitu gani?

Alhamisi, 17 Julai
Suluhisho! Barua isiyo na jina, chini ya mlango wa ofisi ya chifu. Nimeeleza kwamba mbuzi wote ni mali ya Abshiro. Hatimaye nina amani.

Ijumaa, 18 Julai
Sina amani. Kumbe Abshiro amesubiri miaka miwili kuandikishwa apate pesa hizohizo! Sasa chifu amemwita aeleze utajiri wake. Ramlo alikuja na barua yangu mkononi, ile bibi yake aliyopewa na chifu. Akauliza ni nani mwingine Kotile anayeandika barua ya siri yenye "YAH:" iliyopigiwa mstari kwa rula.
Ayeeyo hakucheka safari hii. Alisema mwaka wa ukame mifugo yetu ilipokwisha, ni Abshiro aliyetuletea maziwa, nami ndiye niliyeyanywa. Kesho niende nikaseme kwa mdomo wangu. Si kwa barua.

Jumamosi, 19 Julai
Nimesema. Mbele ya chifu, Faiza, Abshiro na Ramlo. Abshiro akanishika mkono, akaniita mwanangu, kisha akaniarifu kwamba mbuzi wangu walikula mkeka wake wa kuswalia. Jina lake limebaki kwenye orodha ya wanaosubiri. Alhamdulillahi.
Faiza akasema fomu yake haina majina wala haimfuti mtu. Alitaka kujua pesa huchelewa kiasi gani, na wazee hutembea umbali gani kuzifuata. Ayeeyo alishamweleza yote siku ile, hata kabla nyama haijaiva.
Nimeona haya hadi masikioni. Nimeapa: sitamshuku mtu tena bila ushahidi.

Jumapili, 20 Julai
Chifu ametangaza kwamba Jumanne watu wa mifugo wanakuja kuchanja mbuzi. Bure. Eti wanataka kujua idadi tu.
Bure! Tu!
Kwa Abshiro siwezi kurudi. Nimepima chumba changu: hatua nne kwa tatu. Mbuzi kumi, nikitoa kitanda, wataenea.