Kikohozi Kilichoshika Namba Moja

Habari yenyewe aliileta Sikio, na Sikio akileta habari haisomi, anaitangaza. Alisimama kati ya benchi na kiti cha Kinyozi, kidole kimoja kakitia sikioni, simu kaiinua juu utadhani anatafuta mtandao mbinguni.

"Jamani! Jamani, nyamazeni! Khu! imeshika namba moja!"

"Nini imeshika nini?" akauliza Kinyozi, mashine ikinguruma juu ya kisogo cha mteja.

"Rimiksi ya Khu! Namba moja duniani kwenye muziki wa kuchezeka. Nani aliwaambia? Semeni wenyewe, nani aliwaambia?"

"Wewe. Jumatatu ulituambia, Jumanne ukatuambia, na leo umenikuta hata mlango sijafungua ukaniambia tena."

"Mimi niliisikia ikiwa na wasikilizaji kumi na moja! Dunia nzima, watu kumi na moja!"

"Kumi walikuwa ndugu za aliyeitengeneza."

Mama Chupa, mwenye chupa zake mbili kubwa za kahawa pale pembeni ya benchi, alicheka hadi akamwaga kikombe cha mteja. Fundi Solda hakucheka. Alikuwa amekaa mlangoni pa karakana yake, hatua moja tu kutoka kwenye benchi, deki ya kanda imepasuliwa mapajani, anaifunga skrubu ya mwisho. Tangu Jumatatu habari ya Khu! ilikuwa imemfika hapa kooni.

Sikio aliuza makava ya simu na vifaa vya kusikilizia, lakini biashara yake hasa ilikuwa kusikia nyimbo kabla ya watu wengine. Akishazisikia alizificha. Siku tatu zile alikuwa akikaa benchini na waya masikioni, anatikisa kichwa, macho kayafumba, na ukimwomba usikie kidogo anakwambia bado hujafikia. Wimbo ukishaanza kupigwa kwenye harusi anaukana hadharani, kama mtu aliyekutana na anayemdai sokoni.

"Leo nawafungulia," akasema. "Kwa sababu mmenivumilia."

"Kwa sababu mtandao mzima umeshafunguliwa," akasema Kinyozi.

Sikio akaweka spika yake ndogo juu ya benchi, akabonyeza. Kwanza ikaja ngoma, du-du-du-du, kama mtu anayegonga mlango wa choo. Kisha vikelele fulani vya kompyuta, vinapanda, vinapanda.

"Punguza, kichwa maji wewe!" Solda akafoka bila kuinua uso. "Spika yenyewe imepasuka, unaitesa bure!"

"Subiri, mzee. Inakuja. Inakuja... sasa!"

Muziki ukakata. Ikabaki sauti moja ya kijana, nyembamba, tamu, iko mbali kama inatoka ndani ya mtungi: *Niite, niite tena...* Kisha mtu akakohoa. *Khu!* Na besi ikaanguka, spika ikaruka juu ya benchi.

*Niite, niite tena... Khu!*

Bisibisi ya Solda ikasimama. Alifikiri labda amesikia vibaya, lakini ikarudi tena, na tena, na kila iliporudi ilikuwa ni ileile.

"Mnasikia hicho kikohozi?" Sikio alikuwa amefumba macho. "Siri yote iko hapo. Sikieni walivyoandika: 'Mtayarishaji, ambaye hujifunika shuka ili uso wake usijulikane, anasema sauti hiyo aliitoa kwenye kanda aliyoikuta katika sanduku la vitu chakavu. Mwimbaji hajulikani, na inaaminika alishafariki.'"

"Nani kafariki?" akauliza Solda.

"Mwimbaji."

"Mwimbaji hajafa. Ameshika bisibisi."

Wakamtazama. Kisha kijiwe kizima kikalipuka. Kinyozi akaondoa mashine kichwani kwa mteja, akajishika tumbo. Mteja alikuwa amenyolewa upande mmoja tu, mwingine bado msitu.

"Bwana, kichwa changu," akasema mteja.

"Tulia kwanza, maiti anaongea!"

"Mzee wangu," Sikio akasema akijifuta machozi, "heshima yako iko palepale. Lakini si wewe uliyetuambia uliwahi kumkimbiza mwizi kwa spika?"

"Nilimkimbiza! Alishtushwa na besi akaruka ukuta!"

"Na ile redio uliyotengeneza ikashika mawimbi ya mwezini?"

"Hiyo niliwatania. Hili siwatanii."

"Basi imba," akasema Kinyozi. "Marehemu, tafadhali, kipande kidogo."

Solda akaona njia ni hiyo. Akaweka deki chini, akasafisha koo, akaimba: "Niite, niite tena..." Sauti ikatoka kama kitanda kinachoburutwa sakafuni. Miaka thelathini ya moshi wa solda ilikuwa imeketi kwenye koo lile, haikuwa na haraka ya kuondoka.

Walicheka mpaka mtu wa duka la ng'ambo ya barabara akatoka kuuliza kuna nini. Kinyozi alisema marehemu angesikia hiyo angekufa mara ya pili. Hata Mama Chupa alijificha uso kwa kanga yake, mabega yanamcheza.

Solda ilimuuma. Alikuwa amezoea kuchekwa, pengine yeye ndiye aliyewafundisha kumcheka, lakini safari hii ilimchoma kwenye kitu ambacho hakuwahi kukitania.

"Chekeni," akasema. "Mimi mnicheke. Lakini hicho kikohozi ni cha mdogo wangu."

Mama Chupa akashusha kanga. Alimjua huyo mdogo mtu. Alikuwa na miaka kumi na tisa kaburini.

"Mzee, hicho siyo kikohozi," Sikio akasema kwa upole wa mwalimu. "Hicho kimeundwa na kompyuta. Kuna watu wameandika kurasa kumi juu yake. Wanasema ni kilio cha binadamu wa leo, kwamba amebanwa na jiji, hana pa kupumulia..."

"Jiji gani? Vumbi la blanketi!" Solda akasimama. "Tulirekodi chumbani kwetu. Tulitundika mablanketi madirishani ili kelele za barabarani zisiingie. Mimi naimba, yeye anapiga mfuniko wa sufuria. Kanda ilikuwa moja, tena ya kuazima, hatukuwa na ya kurudia. Nimefika pale pazuri kabisa, nimelegeza sauti, mara khu! Nilimnunia wiki nzima. Akaondoka kwenda kutafuta kazi mimi bado nimenuna. Tulikuja kupatana, ndiyo, lakini habari ya wimbo hatukuigusa tena. Hatukurekodi tena."

Mama Chupa akamsogezea kikombe cha kahawa.

"Nakuamini, baba," akasema Mama Chupa.

"Ahsante, mama. Lakini wewe unamwamini hata Sikio."

"Tatizo ni ushahidi," akasema Kinyozi, mashine bado iko hewani. "Hiyo kanda ikafikaje kwa mtu wa shuka?"

"Nilitoa nakala tano. Nilipohama karakana ya zamani nilimpa mnunua chakavu sanduku zima la waya, nne zilikuwa humo. Nikaja kukumbuka sanduku limeshaondoka."

"Na ya tano?"

Solda akaingia ndani ya karakana. Ya tano ilikuwa kwenye droo, imefungwa kwenye kitambaa. Wiki mbili zilizopita aliitoa, akaipiga kwenye redio moja ya mteja, wimbo ukaanza tu, na Sikio huyuhuyu akapiga kelele kutoka benchini: mzee, zima hiyo takataka, unafukuza wateja. Alizima. Hata kwenye kikohozi haikufika.

Sasa redio ile imeshachukuliwa na mwenyewe. Kilichokuwepo ni hii deki, ambayo wiki hii pekee ilikuwa imeshatafuna kanda mbili. Mkanda wake wa ndani ulikatika, akaweka mpira alioukata kwenye tyubu ya baiskeli. Hakuwa ameujaribu.

"Usiiweke humo," akasema Mama Chupa alipomwona akitoka na kanda mkononi. "Ikiliwa je? Waache na kicheko chao."

"Wakicheka mimi sawa. Wamesema ni kompyuta, mama."

Akachovya pamba kwenye spiriti, akasafisha kichwa cha deki, akapuliza. Akatia kanda na kubonyeza.

Ilianza kwa mvumo mrefu. Kisha mfuniko wa sufuria, ti-ti-ta, ti-ti-ta. Sikio alikuwa ameshainua simu, anarekodi. Sauti ikaingia, nyembamba, tamu.

*Niite, niite tena...*

*Khu!*

Na pale ambapo rimiksi huangusha besi, kwenye kanda palikuwa na ukimya wa kupepesa jicho moja, kisha yule kijana mwenye sauti tamu akafoka: "Aa! Kichwa maji wewe! Umeniharibia wimbo!" Na mtu mwingine akacheka, kicheko cha kujizuia kikashindwa.

Deki ikaguna. Solda akaizima kwa dole gumba kabla haijameza, akaitoa kanda taratibu, utepe umechomoza kidogo. Akachukua kalamu akaanza kuurudisha, pole pole, macho yake hayainuki.

Kinyozi ndiye aliyeanza. "Ni yeye," akasema. "Kuimba sikumtambua. Lakini hilo tusi nimelipokea kila siku kwa miaka sita. Ni yeye kabisa."

"Mungu wangu," akasema mteja wa nusu kichwa.

Wote wakamgeukia Sikio, kwani ndiye hakimu wa mambo haya. Sikio akakuna shavu.

"Ni nzuri," akasema. "Lakini haina besi."

Mama Chupa akampiga na kitambaa cha kufutia vikombe.

"Basi, basi! Namsaidia! Nimeshairusha kwenye kundi letu la wasikilizaji, dunia nzima itajua. Nimeandika: 'Mwenye sauti yuko hai, yuko mtaani kwetu, na mimi ndiye wa kwanza kumgundua.'"

"Umemgundua?" akasema Kinyozi. "Una miaka mingapi unakaa mlangoni kwake?"

Simu ikaanza kulia, ting, ting, ting. Sikio akasoma, na kadiri alivyosoma sauti yake ikapungua.

"Huyu anasema... 'Mzee kaiga rimiksi, aone aibu.' Huyu anasema kikohozi cha rimiksi kina hisia zaidi, hiki cha mzee ni cha kuigiza. Huyu anasema tumheshimu marehemu."

"Marehemu yupi?"

"Wewe, mzee. Wanasema unamkosea adabu."

Kinyozi akaketi kwenye benchi. "Yaani mtu kaiba wimbo wake mwenyewe, tena kamwibia maiti ambaye ni yeye. Solda, ukienda polisi ukashtaki, watakuweka ndani mara mbili."

"Nitawajibu!" Sikio akasema. "Nitawaandikia..."

"Waache," akasema Solda.

Alikuwa amemaliza kuzungusha kanda. Akaifunga kwenye kitambaa chake, akaitia mfuko wa shati.

"Humo kwenye rimiksi," akauliza, "anakohoa mara ngapi?"

"Nani?"

"Mdogo wangu."

Sikio akapiga hesabu kwa vidole. "Karibu kila mstari... inakaribia mara arobaini, mzee."

"Arobaini." Solda akatikisa kichwa. "Mimi nilimnunia kwa moja. Iweke."

"Rimiksi? Si ulisema ni mateso?"

"Ni mateso. Iweke."

"Mzee, kusema kweli ile mimi nimeshaiacha. Kila mtu anaijua sasa. Kuna nyingine, asubuhi hii ina wasikilizaji wanne..."

"Iweke, kichwa maji wewe!"

Solda akaingia ndani, akaiburuta ile spika kubwa ya ukumbini aliyomaliza kuitengeneza jana, akaisimamisha mlangoni, akachomeka waya kwenye simu ya Sikio. Ngoma ikaanza, du-du-du-du, na safari hii vikombe vya Mama Chupa vikacheza vyenyewe kwenye sinia. Watu wawili waliokuwa wakipita wakasimama. Mmoja akaanza kutikisa bega.

"Jamani, kichwa changu!" mteja akapiga kelele, lakini hata yeye mguu wake ulikuwa umeshaanza kupiga chini ya kiti, na Kinyozi alikuwa amegeuza mashine kipaza sauti.

Vikelele vikapanda, vikapanda, vikakata. *Niite, niite tena...*

Solda alikuwa ameweka kiganja juu ya spika.

"Kohoa," akasema. "Kohoa tu."