Kapteni wa Sanduku la London

Siku Hungaria ilipotwaa ubingwa wa dunia wa polo ya majini kule Belgrade, mwaka wa sabini na tatu, habari zilichelewa kufika kwenye hoteli ya Mama Nyamoita kwa sababu gazeti lilikuja limefunga nyama. Lazarus aliifungua nyama, akampa mwenye hoteli aikaange, akalipangusa gazeti kwa kiganja na kulitandaza juu ya paja kwa heshima zote.

Lazarus alikuwa karani wa ustawi wa wafanyakazi pale estate ya chai. Kijiweni walimwita Serikali, maana hakuwahi kusema "mimi". Alisema "sisi kama ofisi", hata akiomba kiberiti.

Kijiwe chenyewe kilikuwa nje ya hoteli hiyo, chini kidogo ya kiwanda cha chai, karibu na Kericho. Watu walioshinda wiki nzima wakipeleka chai safi Ulaya walikuja hapo Jumapili kunywa vumbi lake. Kulikuwa na gogo refu la mkaratusi, lililolazwa uwanjani bila paa. Na kulikuwa na sanduku moja la chai, la mbao, lililopigwa muhuri wa LONDON, ambalo halikufika London wala popote, likaishia chini ya upenu wa Mama Nyamoita. Kwa kuwa mvua ya nchi hii hainyeshi kwa kubahatisha bali huja kila siku baada ya chakula cha mchana kama mtu wa zamu, sanduku lile lilikuwa ndicho kiti pekee kikavu.

Na lilikuwa la Kepher. Kepher alikuwa mchochea kuni wa boila, mtu wa ukoo wa ziwani, na jina lake la kijiweni lilikuwa Mamba. Alilipata jina pamoja na sanduku siku alipowasimulia jinsi alivyompiga mamba kofi katikati ya ziwa, mamba akageuka na kwenda zake kwa aibu. Wenzake walikubaliana kwamba mtu anayejua maji namna hiyo apewe heshima ya kutonyeshewa. Hakuna aliyeona kasoro yoyote katika hilo.

Ukweli ni kwamba Kepher alizaliwa na kulelewa kwenye landhi za wafanyakazi wa reli huko Londiani, ambako maji makubwa kuliko yote yalikuwa ya pipa. Ziwa alilijua kwa kulitazama akiwa mbali, siku za mazishi. Lakini alilipenda sanduku lile. Juma zima alikaa mbele ya mdomo wa boila akiutazama moto, na moto haumwulizi mtu habari zake. Ni hapo tu, juu ya LONDON, ndipo watu walipomgeukia na kusema, "Mamba, wewe unaonaje?"

"Polo," alisema Nyang'au, mchumaji chai kutoka milima ya Kisii, ambaye alikuwa amelitamani sanduku hilo tangu siku ya kwanza na hakuficha. "Polo si ni ile ya farasi? Ile Wazungu wanacheza pale klabu?"

"Ndiyo hiyo," alisema Lazarus. "Lakini ndani ya maji."

"Sasa farasi wako wapi kwa hii picha?"

Kipchirchir aliinama akaitazama picha. Alikuwa askari wa kitalu cha miche, mtu wa Roret, na maneno yake alikuwa akiyatoa kwa kipimo.

"Wamezama," alisema.

Wakanyamaza kidogo kwa ajili ya farasi.

"Hakuna farasi!" Lazarus aligonga gazeti. "Ni watu. Saba huku, saba huku. Wanarushiana mpira, wanafunga goli. Hungaria wa kwanza, Mrusi wa pili."

"Na hizi kofia?" Nyang'au alisogea. "Ona, imefungwa kwa kidevu, ina masikio. Mtoto Nyamoita alivaa hii akiwa na miezi mitatu."

"Ni kofia ya mchezo."

"Mwanaume mzima, ana ndevu, anafungwa kofia ya mtoto, anawekwa kwa maji. Halafu unaniambia hiyo ni bingwa ya dunia. Nani amemwogesha?"

"Wewe cheka tu," alisema Lazarus, akikunja gazeti polepole. "Meneja amesikia haya mambo kwa redio yake, na yamemwingia. Sisi kama ofisi tumeagizwa tutafute timu. Jumamosi ijayo, kwa bwawa letu, tunacheza na estate ya ng'ambo ya mto. Mshindi anachinjiwa fahali."

Neno fahali lilipita juu ya gogo, na kila mtu akarekebisha mkao wake.

"Fahali mzima?" aliuliza Kipchirchir.

"Na kwato."

"Basi mimi nacheza," alisema Nyang'au. "Tena hii mchezo ni yetu kabisa. Mchumaji anafanya aje? Mkono mbele unachuma, unarusha nyuma ya bega, puu, ndani ya kikapu. Haangalii! Mimi nimerusha majani nyuma miaka yote na kikapu haijawahi kukosa. Hiyo Hungaria inaweza kufunga goli bila kuangalia? Na kapteni tuko naye. Hapo amekaa."

Wote wakamgeukia Mamba.

Kepher alikuwa ameinua kikombe. Akakiacha hapo hapo hewani. Aliogopa. Akaona bwawa, akajiona ndani yake, akaona na sanduku likiwa limekaliwa na mtu mwingine.

"Hebu nione hiyo picha," alisema.

Aliitazama kwa muda mrefu. Vichwa viko juu. Mabega yako juu. Mikono imeinuliwa. Kutoka kifuani kwenda chini hakuna kinachoonekana. Kisha akainua macho kuelekea ng'ambo ya barabara, kwenye mashamba ya chai yaliyokatwa sawasawa kama meza, na akawakumbuka wachumaji wanavyoonekana kila asubuhi: kichwa, mabega, mikono, basi. Na mchumaji, kila mtu anajua, amesimama.

Moyo wake ukarudi mahali pake.

"Hawa wamesimama," alisema.

"Aje?"

"Angalia wewe mwenyewe. Ukiwa ndani ya majani chai mimi naona nini? Kichwa na mikono. Kwani umeelea? Umesimama. Hii maji inafika hapa kwa kifua tu."

Nyang'au aliitazama picha, akatazama shamba, akarudi kwenye picha. "Haki ya Mungu. Ni wachumaji tupu. Hata huyu anataka kurusha kwa kikapu."

Kipchirchir naye alikubali kwa kichwa. Picha ilikuwa na ushahidi wa kutosha.

"Kama ni kusimama," alisema Kepher, akijinyosha juu ya sanduku mpaka likalia, "mimi nakubali ukapteni, lakini omera, mnanipa kazi ya watoto. Mimi nilizoea maji ambayo hata samaki akishuka chini anabeba taa. Hiyo ya kifua nitacheza nikivuta sigara."

"Safi," alisema Lazarus. "Maana jina lako tumeshapeleka. Jambo moja tu, Meneja amesisitiza. Hakuna kukanyaga chini. Ukigusa chini ni faulo."

Mama Nyamoita akaleta sahani ya nyama. Kepher peke yake hakunyosha mkono.

"Kwa nini mtu asikanyage chini?" aliuliza. "Chini ni ya nani?"

"Ni sheria. Mchezo mzima mnaelea. Lakini usijali, kwa bwawa letu hata ukitaka huwezi kukanyaga. Kipchirchir, si wewe ulichunga ng'ombe hapo kabla maji haijawekwa?"

Kipchirchir alitafuna, akameza.

"Kuna mti huko chini," alisema. "Mkubwa. Hawakukata. Maji ilipita juu yake."

"Juu ya matawi?" Kepher aliuliza.

"Juu ya kiota."

Ndipo Kepher alipoanza kuugua. Alisema kwanza kwamba mtu wa boila ana joto la ndani, na akitiwa maji baridi ghafla anapasuka kama chimni ya taa. Kipchirchir akashauri aletwe mapema akae ukingoni apoe. Akasema kwamba yeye ni mtu wa maji mazito ya ziwa, na haya ya bwawa ni mepesi, hayashiki mtu. Nyang'au akamwambia yatamshika tu yakijua ni yeye. Akasema jino linamuuma.

"Polo haitumii jino," alisema Lazarus. "Mamba, mbona unakwepa? Kama hutaki, sema, tumpe mwingine hicho kiti."

"Mimi niko tayari," alisema Nyang'au haraka.

"Ukapteni?"

"Kiti."

"Ni kitu kimoja. Anayekaa hapo ndiye kapteni. Ofisi inaelewa hivyo."

Kepher alishika kingo za sanduku kwa mikono miwili. Alikuwa anafungua kinywa kusema kwamba Mamba hakwepi, Mamba anawapima tu, wakati mkewe Akeyo alipotokea barabarani akitoka kanisani, viatu mkononi, leso begani, na mwendo ambao haukuwa wa mtu aliyetoka kuombewa.

"Baba Phelix," alisema, "ni kweli?"

"Nini, mama?"

"Pasta amekuombea. Amesema tumkumbuke ndugu Kepher, kapteni wetu, atakayeingia kwa bwawa Jumamosi. Kanisa nzima imesimama."

"Waliomba nini?"

"Ushindi. Mimi peke yangu nimeomba urudi."

Kisha akawageukia wa kwenye gogo. "Na nyinyi wanaume, mnakula nyama hapa. Mkimzamisha huyu, nani atanilelea Phelix? Huyu hajui kuogelea! Amezaliwa Londiani kwa landhi. Tukivuka kamto hapo chini ananishika nguo."

Ndani ya hoteli sufuria ya maharagwe ilikuwa inachemka na kifuniko kinagonga.

"Na ile mamba?" Nyang'au aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mamba gani?"

"Ile alipiga kofi."

Akeyo alimtazama mumewe. "Ulipiga nani kofi?"

"Ilikuwa kabla hatujaoana," alisema Kepher.

Hata yeye aliona jibu hilo halikusimama. Aibu ilimjaa usoni. Alisubiri kicheko; alikuwa amekisubiri tangu siku ile ya kwanza, usiku mwingine hata usingizini. Hakikuja. Alipoinua macho aliwaona wenzake wana nyuso za watu waliofiwa.

"Sasa," Nyang'au alisema, "mimi nilikubali nikijua nikizama Mamba ataniokoa."

"Hata mimi," alisema Kipchirchir.

Wakamtazama Lazarus. Alikuwa analikunja gazeti ambalo tayari lilikuwa limekunjwa.

"Ofisi pia," alisema.

"Ngoja," alisema Nyang'au. "Serikali, wewe pia uko kwa timu?"

"Golikipa. Tulifikiri golikipa anashikilia mlingoti wa goli."

"Kwa hivyo nani hapa anajua kuogelea?"

Kipchirchir aliutazama mlima. Lazarus alitazama viatu vyake. Mama Nyamoita alitoka, akaona sura zao, akarudi ndani bila kuuliza.

"Sisi kama ofisi," alisema Lazarus hatimaye, "hatuwezi kumwambia Meneja hakuna kapteni. Ametuma salamu ng'ambo ya mto. Jina la Kepher linaweza kufutwa, lakini lazima jingine liingie. Leo."

Kepher alisimama. Alilipangusa sanduku kwa mkono wa shati, polepole, herufi kwa herufi, L mpaka N ya mwisho. Kuliachia kulimuuma, na hakujifanya vinginevyo.

"Nyang'au, ndugu yangu," alisema. "Umelitaka siku nyingi. Karibu ukae."

Nyang'au alilitazama sanduku. Alikuwa hajawahi kuliona karibu hivyo likiwa tupu.

"Mimi nimezoea gogo," alisema.

"Kipchirchir?"

"Nasikia joto hapo."

"Serikali?"

"Ofisi haikai," alisema Lazarus.

Ndipo mvua ikaingia zamu. Haikutanguliza manyunyu, iliteremka kutoka msituni ikapita juu ya chai kwa kelele, na ndani yake kulikuwa na mawe ya barafu, yale ya hapa, yanayotoboa majani na kuwatia wakulima ugonjwa wa moyo. Siku nyingine wangesukumana kuingia upenuni, wakimwomba Mamba asogee kidogo. Leo hakuna aliyeinuka. Walikaa kwenye gogo wote, maji yakiwashuka shingoni, barafu ikiruka kwenye vikombe vyao, na kila mtu akitazama pembeni.

Kepher alikwenda akakaa nao. Nyang'au alisogea kumpa nafasi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kunyeshewa mahali pale, na alishangaa kwamba maji yale yalikuwa maji tu. Akeyo alimfunika kichwa kwa leso na kuifunga chini ya kidevu ili upepo usiipeperushe.

"Sasa unafanana na hao wa picha," alisema Nyang'au, na hakucheka.

Mbuzi wa Mama Nyamoita, aliyekuwa amejibanza kwenye ua, alitoka mbio akikwepa barafu. Aliwatazama wanaume wale mmoja mmoja. Kisha akaruka juu ya LONDON, akazunguka mara moja, akakunja miguu na kukaa chini ya upenu, mkavu, kidevu juu.

Walimtazama kwa muda.

Lazarus alichomoa penseli nyuma ya sikio, akatafuta kipande cha gazeti ambacho hakijalowa.

"Mama Nyamoita," aliita. "Huyu anaitwa nani?"